Kiti Kimoja Harrisburg

Hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili waliokutana Lancaster, Pennsylvania

Wazee wetu, mama zetu, wachungaji na masheikh mliokubali kukaa meza moja, na ninyi vijana mliojipanga ukutani kule nyuma kana kwamba viti vinauma: habari za jioni, na shikamooni kwa wanaostahili shikamoo.

Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti ananijua vizuri, ndiyo maana saa ameiweka mbele yangu na maji ameyaweka mbali.

Nina swali. Nani humu anajua jina la spika wa bunge la nchi aliyotoka? Naam, mikono mingi. Nani anaweza kunitajia mawaziri watatu walioko Kinshasa leo? Mzee pale ameinua mikono yote miwili. Haya, nani anajua jina la mtu anayeuwakilisha mtaa wake pale Harrisburg, makao makuu ya jimbo letu, mwendo wa dakika 45 kwa gari kutoka hapa tulipokaa?

Mikono mitatu. Na mmoja ni wa mwenyekiti, ambaye nilimpa swali mapema.

Simcheki mtu. Miaka yangu ya mwanzo hapa nilikuwa hivyohivyo. Nikifanya zamu ya usiku ghalani, nikirudi asubuhi nafungua WhatsApp kusikiliza ugomvi wa Kigoma hadi usingizi unichukue. Siasa za Marekani kwangu zilikuwa mtu mmoja tu, rais, na zilikuja kila baada ya miaka minne kama mafuriko. Na zikija Pennsylvania, ndugu zangu, zinakuja kweli. Mnakumbuka 2024: huwezi kutazama mpira bila tangazo, simu inalia ukiwa kwenye ibada, sanduku la barua limejaa makaratasi yenye picha za watu wamekunja uso. Wana sababu. Jimbo hili lina kura 19 za wajumbe wanaomchagua rais, na haliaminiki. Mwaka 2016 Trump alilichukua kwa kura kama 44,000. Mwaka 2020 Biden akalichukua kwa kura kama 80,000. Mwaka 2024 likarudi kwa Trump kwa kura kama 120,000. Jimbo lenye watu milioni 13 linaegemea huku na huku kwa idadi ya watu wanaojaa uwanja mmoja au miwili. Hilo ndilo wanaloliita jimbo la ushindani mkali.

Lakini sikuja kuzungumza habari za rais. Rais ana wa kumzungumzia. Nimekuja kuzungumza habari za viti ambavyo matangazo yake hayakatizi mpira.

Kwanza tuelewane maneno, maana neno hili la jimbo linatuchanganya. Mtanzania ukimwambia jimbo anaona eneo la mbunge mmoja: Jimbo la Kigoma Kaskazini, Jimbo la Ubungo. Hapa jimbo ni Pennsylvania nzima, yenye gavana wake, mahakama yake, polisi wake na bunge lake. Wakenya mtasema, ah, hiyo ni kaunti na MCA, yaani diwani. Hapana, ongezeni mara nyingi. Bunge hili linatunga sheria za jinai, linaamua pesa za shule, linaamua kima cha chini cha mshahara, linaamua basi la Philadelphia litapita au halitapita. Lina nyumba mbili. Baraza la Wawakilishi lina watu 203, wote wanachaguliwa upya kila baada ya miaka miwili. Seneti ina watu 50, wanakaa miaka minne, nusu yao wanarudi kwa wananchi kila baada ya miaka miwili.

Gawanyeni watu milioni 13 kwa 203. Kila mwakilishi ana watu kama 64,000. Ondoa watoto, ondoa sisi tusio raia bado, ondoa waliosahau kujiandikisha, ondoa waliojiandikisha wakalala. Mshindi anapatikana kutokana na watu wachache kuliko mnavyodhani.

Sasa shikeni namba moja tu usiku huu: 102. Ndiyo nusu ya 203 kuzidi kidogo. Mwenye 102 ana spika, ana wenyeviti wa kamati, na ndiye anayeamua muswada gani usomwe na upi ukalale kwenye droo.

Mwaka 2022 Wademokrati walikuwa hawajaishika namba hiyo tangu walipoipoteza katika uchaguzi wa 2010. Usiku wa uchaguzi ukapita, hesabu haijakamilika. Wiki ikapita. Nchi nzima imeshajua gavana ni Josh Shapiro, imeshajua seneta wa Washington ni John Fetterman, lakini Harrisburg watu wanatembea kwa vidole wakingoja viti viwili katika kaunti mbili zinazopakana nje ya Philadelphia, Montgomery na Bucks. Bucks kiti kikabaki kwa Warepublican, akakichukua Joe Hogan. Montgomery, Melissa Cerrato wa Democratic akamtoa Todd Stephens, aliyekikalia kiti tangu 2011. Na viti vyote viwili, ndugu zangu, kila kimoja kiliamuliwa kwa kura zisizofika mia moja.

Wakongo mliomo humu, naomba mniambie ukweli: kuna harusi yenu yenye wageni chini ya mia? Mia ni upande wa shangazi peke yake! Jimbo la watu milioni 13, na spika wake amepatikana kwa tofauti isiyojaza mahema ya upande wa bibi harusi.

Msifikiri ni ajali ya mara moja. Mwaka 2006 mambo yalikuwa yaleyale, 102 kwa 101, na kiti cha mwisho kule Chester County kikaamuliwa kwa kura zisizofika 30. Wazanzibari nao wana ya kwao. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilichukuliwa kwa kura moja. Moja! Baraza zima likagawanyika 11 kwa 11, serikali haikuundika, ukaitishwa uchaguzi mwingine Juni, na ule wa Juni ukamwaga damu: watu 68 walikufa. Kwa hiyo mzee akikuambia kura moja haina kazi, muulize kama amewahi kufika Pemba.

Na kuna kisa cha Virginia ambacho siwezi kukiruka, mwenyekiti usiangalie saa. Mwaka 2017, mjini Newport News, David Yancey na Shelly Simonds waligombea kiti cha bunge la jimbo. Hesabu ya kwanza Yancey yuko mbele kwa kura 10. Zikahesabiwa upya, Simonds akawa mbele kwa kura moja. Majaji watatu wakaiangalia karatasi moja iliyochorwa majina yote mawili, jina la Simonds likiwa na mstari juu yake, wakasema hii ni ya Yancey. Sasa kila mmoja ana 11,608. Sheria ya kwao inasema ni kura ya bahati. Tarehe 4 Januari 2018 majina yakatiwa ndani ya bakuli la kauri, afisa akachovya mkono, likatoka la Yancey, na Warepublican wakabaki na viti 51 kwa 49. Miaka miwili baadaye Simonds alirudi akakichukua kiti kwa kura za kawaida. Lakini ile miaka miwili haikurudi. Kuna mtu Newport News ambaye siku ile ya Novemba alisema, leo kuna baridi, nitapiga kura mwakani. Mimi huwa namfikiria mtu huyo.

Turudi Harrisburg, maana utamu wenyewe ulikuja baada ya kushinda.

Katika zile 102 za Wademokrati, mmoja alikuwa marehemu. Sifanyi mzaha. Mzee Tony DeLuca wa karibu na Pittsburgh, aliyekuwa bungeni tangu 1983, alifariki Oktoba, karatasi za kura zimeshachapwa na jina lake limo. Akachaguliwa kwa kishindo akiwa kaburini. Mwingine, Austin Davis, alikuwa amechaguliwa siku hiyohiyo kuwa naibu gavana. Wa tatu, Summer Lee, kuwa mbunge wa Washington. Kwa hiyo watu waliwapa 102, wakabaki 99 walio hai na walio tayari kuapa, na wenzao wana 101. Ikawa pande zote mbili zinajiita wengi. Desemba ile Joanna McClinton wa Philadelphia aliapishwa kuwa kiongozi wa walio wengi. Siku chache baadaye Bryan Cutler, ambaye ni wa kaunti yetu hii ya Lancaster, naye akaapishwa kuwa kiongozi wa walio wengi. Baba wawili, mtoto mmoja, na kila baba ameshika cheti.

Wakamaliza vipi? Kwa kumchagua mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Tarehe 3 Januari 2023 Mrepublican akasimama akampendekeza Mdemokrati, Mark Rozzi wa Berks. Rozzi akapata kura 115 kwa 85, akatangaza atakuwa spika asiyeegemea chama. Watu wakapiga makofi. Kisha nyumba ikakwama. Wiki zikapita hata kanuni za kuendeshea vikao hazijapitishwa. Tarehe 7 Februari zikafanyika chaguzi ndogo tatu katika eneo la Pittsburgh, Wademokrati wakazichukua zote. Tarehe 28 Rozzi akakiachia kiti, na McClinton akawa spika, mwanamke mweusi wa kwanza kukikalia.

Lakini kushinda kwa mmoja ni kama kulala kwenye ukingo wa kitanda. Kila mwakilishi aliyeacha kazi, uchaguzi mdogo: Mei 2023 Delaware County, Septemba Pittsburgh, Februari 2024 Bucks. Kila mara nchi nzima ikitazama mtaa ambao hata majirani hawaujui jina. Ukafika uchaguzi mkuu wa 2024. Trump akalichukua jimbo, viti vya Washington vikabadilika mikono, na Baraza la Wawakilishi la Pennsylvania? Viti 203, havikubadilika hata kimoja. 102 kwa 101, kama walivyokuwa. Aliyeshika ule mlango alikuwa Frank Burns wa Cambria, kule Johnstown, kaunti ambayo zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura ya urais walimpigia Trump. Burns ni Mdemokrati anayetetea bunduki na kupinga utoaji mimba, na kwao wanamjua kwa sura, si kwa chama. Alipita kwa kura kama elfu moja. Wale vijana wa Philadelphia wanaomdharau Burns kwamba si Mdemokrati wa kweli, spika wao alikalia mgongo wa Burns.

Na hapo pia hawakupumua. Mwakilishi mwingine, Matt Gergely, akaugua mwisho wa mwaka. Januari 2025 nyumba ikafunguliwa 101 kwa 101, yeye akiwa hospitali, na tarehe 19 akafariki. Hadi Machi bunge la jimbo zima lilikuwa limening'inia.

Sasa niwaambie nionavyo mimi, na mkinipinga tutapingana wakati wa chai. Gazeti likiandika chama fulani kimelishika Baraza, sisi tunaelewa kwamba basi, chama hicho sasa kitafanya kinachotaka. Si kweli. Wingi wa kiti kimoja unakupa ufunguo wa mlango, haukupi chakula mezani.

Chukueni mshahara. Humu wengi tunafanya kazi za ghala, kuku na usafi. Kima cha chini cha Pennsylvania ni dola 7 na senti 25 kwa saa. Ni kile cha serikali kuu, na hakijaguswa tangu 2009. Tumepakana na majimbo sita: New York, New Jersey, Delaware, Maryland, West Virginia, Ohio. Yote sita yamezidi. West Virginia imetuzidi! Nendeni kusini tu hapo mkavuke mpaka wa Maryland, ni dola 15. Kabla ya 2023 muswada wa kupandisha mshahara ulikuwa haupati hata nafasi ya kupigiwa kura na Baraza zima. Wademokrati walipopata ufunguo, Juni 2023 Baraza likapitisha muswada wa kufika dola 15 kwa hatua. Ukaenda Seneti, ambako Warepublican ndio wengi. Ukalala. Mnaona? Kiti kimoja kimeutoa muswada kwenye droo moja, ukaingia kwenye droo nyingine.

Au bajeti. Sheria inataka iwe tayari Juni 30. Mwaka 2025 ilitiwa saini Novemba, zaidi ya miezi minne baadaye, kwa sababu Baraza liko kwa hawa, Seneti kwa wale, na gavana katikati. Miezi hiyo yote shule na kaunti zinangoja pesa, na mashirika yanayosaidia watu yanakopa. Agosti ile ndugu zetu wa Philadelphia waliamka wakakuta SEPTA, shirika lao la usafiri, imepunguza mabasi, kwa sababu Harrisburg hawakuelewana juu ya pesa za usafiri. Mama mmoja wa Southwest aliniambia alikuwa anatoka nyumbani saa kumi alfajiri ili awahi kazi ya saa kumi na mbili. Huyo mama hajui District 151, kile kiti cha Cerrato kule Montgomery, iko wapi. Lakini District 151 inajua basi lake liko wapi, ndilo tatizo.

Kwa nini basi viti vyenye mchuano ni vichache namna hii? Watanzania mna msemo wa kupita bila kupingwa, mnadhani ni wa kwenu. Njooni Pennsylvania. Kuna maeneo mengi hapa ambayo mgombea wa chama cha pili hata hasimami, akisimama ni kwa heshima ya mchezo. Philadelphia mjini, karibu kote, Mrepublican ataanguka. Katikati ya jimbo, kwenye milima na mashamba, mara nyingi Mdemokrati ataanguka. Kwa sehemu ni watu wenyewe walivyokaa, wanaofanana wanaishi pamoja. Kwa sehemu ni kalamu ya mchora mipaka. Kila baada ya miaka kumi, sensa ikishatoka, kamati ya watu watano inachora upya maeneo: viongozi wanne wa bunge, wawili kila upande, na mwenyekiti. Mwaka 2022 mwenyekiti alikuwa Mark Nordenberg, mkuu wa zamani wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na ramani aliyoipitisha iliwaudhi Warepublican, waliosema imewapendelea wenzao. Ya zamani iliwaudhi Wademokrati kwa sababu ileile. Mimi nasema hivi: ramani ya zamani ilikuwa na kufuli, ya sasa ina mlango unaofunguka kwa taabu. Ni nafuu. Ila hata kwa ramani hii, ukihesabu viti ambavyo kwa kweli vinaweza kwenda huku au huku, hata ukiwa mkarimu utapata kama 20 hivi kati ya 203. Pesa zote, vijana wote wa kugonga milango, vipeperushi vyote vinaishia huko.

Na hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kule kwetu kampeni ni nyumba kwa nyumba, kitanda kwa kitanda, shuka kwa shuka. Mgombea anapita hata kwa asiyempenda, anakunywa uji wake. Hapa sivyo. Nilijitolea kugonga milango katika uchaguzi mmoja, sitataja wa nani. Nikapewa simu yenye ramani na orodha. Mtaa una nyumba 30, orodha inaniambia gonga nyumba 9. Nikafika mbele ya nyumba naijua, ya familia ya Kongo, raia kamili, baba ameapa miaka minne iliyopita, harufu ya sombe inatoka dirishani. Orodha inasema ruka. Nikamuuliza kijana aliyetuongoza, mbona hii tunairuka? Akasema, hao hawapigi kura.

Alijuaje? Kwa sababu kumbukumbu za kujiandikisha na kupiga kura ziko wazi kwa vyama. Haziwaambii ulimpigia nani, hiyo ni siri yako na Mungu wako. Zinawaambia kama ulijitokeza. Ulipiga mwaka 2024? Ulipiga ule uchaguzi wa Mei ambao hakuna aliyeusikia? Mgombea mwenye pesa kidogo na wiki sita hana muda wa kukushawishi uamke. Anakwenda kwa yule anayejua ataamka. Kwa hiyo mzunguko ni huu: hatupigi, hatugongewi, hatugongewi, hatujui, hatujui, hatupigi. Na kiti kinaamuliwa kwa kura themanini huku nyumba yetu yenye wapiga kura sita imerukwa.

Sisi tunalalamika kwamba wanasiasa wa hapa hawatujui. Wanatujua. Tumo kwenye orodha kama watu wa kurukwa.

Na msiseme, ah, hayo ni ya Bucks na Montgomery, Lancaster ni ya Warepublican toka enzi. Tarehe 25 Machi 2025 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa Seneti, District 36, kaskazini mwa kaunti hii hii. Seneta Ryan Aument alikuwa ameacha kiti akafanye kazi na Dave McCormick, seneta wa Washington. Eneo hilo Trump alikuwa amelichukua miezi minne tu kabla kwa tofauti ya pointi 15 hivi. Hakuna aliyehangaika nalo. James Malone, meya wa East Petersburg, Mdemokrati, akamshinda Josh Parsons, kamishna wa kaunti anayejulikana na kila mtu, kwa kura kama 500. Kuna aliyeshangaa kuliko Malone mwenyewe? Sidhani. Seneti ikatoka 28 kwa 22 ikawa 27 kwa 23. Na kiti hicho kinarudi tena kwa wananchi Novemba hii ya 2026, pamoja na gavana, pamoja na viti vyote 203, pamoja na nusu ya Seneti. Sikuambii umpigie Malone, wala umwangushe. Nakuambia tu kwamba tofauti ya 500 kanisa mbili za humu ndani zinaijaza Jumapili moja, na kwaya bado haijahesabiwa.

Sasa mambo ya kushika kwa mkono, haraka haraka.

La kwanza, na hili nalisema polepole kwa sababu limeshawaumiza watu: kama si raia, usijiandikishe na usipige kura. Green card si uraia. Ukienda kuchukua leseni ya udereva, mashine itakuuliza mambo ya kujiandikisha. Soma, na kama hujui Kiingereza vizuri, nenda na mtu. Kosa la hapo linaweza kukufukuzisha nchini hata kama lilikuwa la bahati mbaya. Mliokuja kama wakimbizi, kumbukeni kwamba miaka mitano yenu ya kungoja uraia inahesabiwa tangu siku mliyoingia nchini, si tangu siku kadi ilipofika kwenye posta. Kuna watu humu ambao muda wao umeshapita na bado wanangoja. Mnangoja nini?

La pili, kujiandikisha kunafungwa siku 15 kabla. Uchaguzi ni Novemba 3, hesabuni Oktoba 19 ndiyo mwisho. Msije Oktoba 20 na machozi.

La tatu, vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi vinafungwa saa mbili usiku. Ukiwa kwenye foleni saa mbili ikigonga, usitoke, una haki yako. Kama unapiga mara ya kwanza kwenye kituo hicho, beba kitambulisho. Mama ambaye hasomi Kiingereza anaweza kuingia na mtu anayemchagua mwenyewe, mwanawe, jirani, mchungaji, ilimradi si mwajiri wake wala wa chama cha wafanyakazi.

La nne, kura ya posta. Karatasi inaingia kwenye bahasha ya ndani, bahasha ya ndani inaingia ya nje, ya nje unatia saini na tarehe. Ukisahau ile ya ndani, kura inaitwa kura uchi na haihesabiwi. Na ifike kabla ya saa mbili usiku siku ya uchaguzi. Ikiwa bado imo njiani, mhuri wa posta hautakuokoa. Fikirieni zile kura zisizofika mia za Montgomery na Bucks, halafu fikirieni bahasha ngapi ziliwekwa kando.

La tano halimo kwenye sheria, ni langu. Usipige kura ya rais halafu uache karatasi iliyobaki nyeupe. Nimewaona watu wazima wanafanya hivyo, wanasema hao wengine siwajui. Shuka chini ya karatasi. Huko chini ndiko wanakokaa wanaoamua mshahara.

Mwenyekiti amesimama. Nimemwona.

Fomu ziko kwenye meza ile karibu na mlango. Kama umeapa, njoo na anwani yako kamili, vijana wetu wawili wenye kompyuta watakuonyesha uko wilaya namba ngapi, nani anakuwakilisha na nani anataka kumtoa. Kama bado hujaapa, pita upande wa sambusa, na Mwenyezi akufikishe. Kalamu nimeleta 12. Mara iliyopita nilileta 12 zikarudi 3, na moja kati ya hizo tatu haikuwa yangu.